Hakuna Kozi ya Viziwi

Mwezi Julai, dirisha la udahili likishafunguliwa, steshenari za Kikuyu hujaa kuliko maduka ya unga. Vijana waliomaliza kidato cha sita hupanga foleni na bahasha zao za kaki, upepo wa Dodoma ukiwapiga vumbi usoni, wakimsubiri kijana wa kompyuta awajazie maombi. Jirani tu hapo pana majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, ambayo tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Upande mwingine wa mji, vilimani, kipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka huohuo. Anayeishi mtaa huu huzoea kusikia ndoto za watoto wa watu zikitajwa kwa sauti dukani: famasia, sheria, uuguzi, takwimu.

Katika foleni hiyo nilimkuta binti mmoja kiziwi, amekuja na mjomba wake. Walikuwa wametoka Kondoa na basi la alfajiri. Zamu yao ilipofika, kijana wa kompyuta alimtazama binti, akaona ni mikono inayozungumza, akamgeukia mjomba: "Mzee, anaomba kozi gani?"

Mjomba hakusita. "Muwekee ualimu wa elimu maalumu. Ndiyo kozi yao."

Binti, ambaye macho yake yalikuwa yakihama kutoka uso mmoja hadi mwingine, alichukua kalamu ya kaunta akaandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa: UHASIBU. Mjomba alisoma, akamshika bega kwa upendo, akatikisa kichwa.

Sina ugomvi na mjomba yule. Mtu aliyeamka usiku kumsindikiza mpwa wake kutafuta chuo, wakati wako wazazi waliomficha mtoto kiziwi ndani mpaka umri wa shule ukampita, anastahili heshima. Ugomvi wangu ni na yale maneno matatu aliyoyasema, ambayo hakuyatunga yeye. Nimeyasikia kwa walimu wa sekondari, kwa wachungaji, kwa maofisa wenye nia njema, hata kwa wazazi waliosoma. Ndiyo kozi yao. Wakati mwingine huja yakiwa yamevaa nguo nyingine: "achague kozi isiyohitaji masikio", "aende ufundi, ushonaji unawafaa", "asijitese na chuo kikuu". Maana ni ileile. Kwamba kwa mwanafunzi kiziwi njia imekwishachaguliwa, naye kazi yake ni kuipita.

Nianze na ualimu wenyewe, kwa sababu ndiko wengi wanakosukumwa na kwa sababu hoja yake ndiyo inayoonekana kuwa na huruma. Inasemwa: kiziwi anaujua uziwi, basi akawafundishe viziwi wenzake. Kwamba walimu viziwi wanahitajika, hilo ni kweli tupu. Tangu shule ya viziwi ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1963, kisha Buguruni 1974, kisha Mwanga 1981, shule za viziwi katika nchi hii kwa sehemu kubwa zimeendeshwa na watu wanaosikia. Na kwa miaka mingi imani iliyotawala ilikuwa kwamba mtoto afundishwe kusoma midomo na kulazimishwa kutamka, mikono ikae kimya. Imani hiyo ilikuwa na mizizi mirefu; mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 ulipitisha kwamba usemaji wa mdomo ni bora kuliko ishara, na watoto wa mabara yote wakalipa gharama ya azimio ambalo wao na wazazi wao hawakuulizwa. Mwalimu kiziwi darasani ni dawa ya jeraha hilo. Ningefurahi kila darasa la watoto viziwi mkoani Dodoma lingekuwa na mmoja.

Lakini hitaji la nchi halizai wito ndani ya mtu. Nchi hii inahitaji pia wauguzi, na hatujawahi kuamua kwamba wasichana wote wa Singida ni wauguzi. Mwalimu aliyeingia darasani kwa kuwa milango mingine yote alifungiwa hubeba kinyongo chake mbele ya watoto, na watoto hao ni walewale tunaodai kuwahurumia. Anayetaka kufundisha, akafundishe, tena tumpigie makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu, kama viziwi wapigavyo. Asiyetaka aachwe.

Tena hoja kwamba ualimu una ajira ya uhakika imepitwa na wakati. Zamani mtu aliyemaliza ualimu alijua kituo chake cha kazi kabla ya kurudi kwao kusalimia. Leo kila mtaa una wahitimu wa ualimu wanaosubiri tangazo la ajira mwaka wa tatu, wa nne, wengine wanaendesha bodaboda. Kumsukuma kijana kiziwi kwenye foleni hiyo kwa jina la usalama ni kumdanganya.

Kuna kitu kingine hapo ambacho watetezi wa "kozi yao" hawakitazami. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mwenye wafanyakazi 100 anatakiwa awe na 3. Muulize mwajiri kwa nini hana hata mmoja, atakujibu kwamba nafasi anazo ila waombaji wenye sifa hawaonekani. Jibu hilo linaudhi, lakini tulitazame kwa uaminifu. Idara ya fedha inatafuta mhasibu, maabara inatafuta fundi sanifu, wakala wa serikali unatafuta mtakwimu. Na sisi viziwi wetu wachache waliofika kidato cha sita tumewajaza kwenye kozi moja. Tumemkabidhi mwajiri mzembe kisingizio chake, kimefungwa vizuri.

Sasa niende kwenye lile neno linalopendwa zaidi, kwamba kiziwi achague kozi isiyohitaji masikio. Nilitaka kumuuliza mjomba: uhasibu una sauti gani? Leja haipigi kelele. Mizania husomwa kwa macho. Lakini hoja yangu haiishii hapo, maana nikiishia hapo nitakuwa nimekubali kwamba zipo kozi zenye sauti na zisizo na sauti, na kwamba kazi yetu ni kumtafutia kiziwi zile za kimya.

Tazama kinachotokea chuoni. Mhadhiri anasimama mbele ya ukumbi wa wanafunzi mia mbili au mia tatu, anafundisha kwa mdomo, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili. Anageuka kuandika ubaoni huku anaendelea kuzungumza. Mwanafunzi wa nyuma anauliza swali, wengine wanacheka, mhadhiri anajibu. Slaidi zina vichwa vya habari tu. Nyama yote iko mdomoni. Hivyo ndivyo inavyofundishwa sheria. Hivyo ndivyo unavyofundishwa uhasibu. Na hivyohivyo, katika kumbi zilezile, ndivyo unavyofundishwa ualimu wa elimu maalumu. Mwanafunzi kiziwi aliyepelekwa kwenye "kozi yao" bila mkalimani anakaa miaka mitatu akitazama midomo inayozungumzia watu kama yeye, na hapati neno. Kozi haikumpunguzia chochote. Amepewa ukuta uleule, ila umepakwa rangi ya huruma.

Kwa hiyo ama kozi zote zinahitaji masikio, au hakuna hata moja. Kinachopita hewani darasani ni lugha, na lugha inaweza kubebwa na mikono. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, yenye sarufi yake. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimeipigania tangu miaka ya 1980, na mwaka 2004 Profesa Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi yake. Mhadhara wa kodi ukiingia katika lugha hiyo, kiziwi anajifunza kodi. Usipoingia, hata mhadhara wa namna ya kuwafundisha viziwi unampita.

Watu hunijibu: mbona wengine wanasoma midomo? Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba. Kisha sema: mama. Kisha: papa. Midomo inafumba na kufumbua vilevile mara zote tatu. Hayo ni maneno ya mtoto wa mwaka mmoja. Sasa weka mhadhiri mwenye ndevu, umbali wa mita kumi na tano, anayetembea, akifundisha tofauti ya hasara ya mtaji na uchakavu wa mali kwa lugha ambayo binti huyu ameijua kwa kuisoma tu. Anayedai kwamba hapo kiziwi "atajitahidi" anamtaka abahatishe shahada nzima.

Na hili la lugha ni zito kuliko tunavyolichukulia. Mtoto kiziwi wa Tanzania aliyebahatika shule hukua na alama. Kiswahili kwake ni lugha ya kitabu, lugha ya pili. Akifika kidato cha kwanza anabadilishiwa kitabu kuwa Kiingereza, lugha ya tatu, ambayo hakuikuta sokoni wala nyumbani. Aliyevuka hapo, akafaulu kidato cha nne, akafaulu cha sita, akafikisha alama kuu mbili ambazo vyuo vikuu vinazitaka, amepanda mlima ambao wengi wetu wenye masikio tungeuacha katikati. Mtu wa namna hiyo akisema anautaka uhasibu, nani kati yetu ana haki ya kumwambia hajui anachokitaka?

Hata Kiswahili chetu kimetusaidia kukosea. Mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Anayekaidi tunamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa karne nyingi tumeshona pamoja kusikia, kuelewa na kutii mpaka vimekuwa vazi moja, na asiyesikia tukamwona kama asiyeelewa. Ndiyo maana kijana wa kompyuta aliuelekeza mdomo wake kwa mjomba. Hakuwa na dharau. Lugha yake ilikuwa imeshamwamulia nani wa kuulizwa.

Hoja iliyobaki ni ya fedha, na hii siipuuzi. Mkalimani ni gharama, tena si mmoja. Kazi ya kutafsiri mhadhara inachosha akili. Ndiyo maana wakalimani hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila baada ya dakika ishirini hivi. Mmoja akiachwa saa tatu peke yake, saa ya pili mikono inaanza kuacha maneno. Tena mwanafunzi hawezi kumtazama mkalimani na kuandika noti kwa wakati mmoja, kwa hiyo anahitaji mwenzake wa kumwandikia. Na istilahi za shahada nyingi hazina alama zilizozoeleka. Mkalimani na mwanafunzi huzipatana wenyewe, au huliandika neno hewani kwa vidole, herufi moja baada ya nyingine, huku mhadhiri ameshafika sentensi ya nne. Anayesema mambo haya ni rahisi hajawahi kukaa kwenye ukumbi huo.

Lakini tazama Dodoma ilivyo. Ndani ya jiji moja kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kuna Mtakatifu Yohana hapa Kikuyu, kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kuna tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara. Wizara zimehamia hapa, Bunge lipo hapa. Kila chuo peke yake kitasema kina kiziwi mmoja au wawili na hakiwezi kuajiri wakalimani wanne kwa ajili yao. Vikikaa pamoja vinaweza kuwa na kikosi kimoja cha wakalimani wa kudumu, wenye mshahara, wanaopangiwa ratiba ya vyuo vyote. Asubuhi wapo kwenye sheria, mchana kwenye uhasibu. Alama ya "dhamana" iliyokubaliwa Jumatatu katika chuo kimoja inatumika Alhamisi katika kingine, na baada ya miaka mitano jiji lina msamiati wa kitaaluma ambao haujawahi kuwepo. Hospitali na mahakama, ambako kiziwi leo hutegemea ndugu amsemee siri zake, zingekuwa na pa kuomba msaada. Hakuna jengo jipya katika mpango huu. Kinachotakiwa ni wakuu wa vyuo kukaa meza moja na wizara yenye dhamana ya elimu, nao wote wako umbali wa nauli ya daladala.

Na gharama hiyo isipelekwe kwenye mkopo wa mwanafunzi. Bumu ni la chakula, malazi, vitabu. Mwanafunzi anayesikia halipii spika za ukumbini. Chuo ndicho kinachozinunua ili sauti ya mhadhiri imfikie. Mkalimani ni spika ya mwanafunzi kiziwi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inaitaja elimu ya juu waziwazi. Tuliahidi bila kulazimishwa.

Wapo marafiki zangu wanaoniambia natwanga maji kinuni, kwamba bora tupiganie chuo kikuu cha viziwi peke yao kama Gallaudet kule Washington, kilichopata mamlaka ya kutoa shahada mwaka 1864 kwa sahihi ya Abraham Lincoln. Nakiheshimu chuo kile. Mwaka 1988 wanafunzi wake walikifunga kwa wiki nzima mpaka wakapewa rais kiziwi, wa kwanza tangu kianzishwe, na dunia ikajifunza kitu. Lakini kinachokifanya kile chuo kiwe vile ni kwamba kila mtu, tangu mpishi hadi profesa, anazungumza kwa mikono. Kuta hazikufanya hivyo. Na hata ndani ya kuta hizo neno "yao" lilikuwepo. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alikataliwa mara kadhaa na Gallaudet kwa rangi yake kabla ya kupokelewa, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu pale. Miaka mitatu baadaye alikuwa Ghana akifungua shule ya viziwi, na kabla hajafa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya thelathini barani Afrika. Yeye alichagua kufundisha.

Majirani zetu hawakusubiri chuo cha viziwi. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya alama, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia bungeni kwa kuchaguliwa. Kenya kwa Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge lake. Chuo cha Kyambogo pale Kampala kinafundisha wakalimani. Na kule Marekani, Haben Girma, binti wa familia iliyotoka Eritrea na Ethiopia, ni kiziwi asiyeona, na mwaka 2013 alihitimu sheria Harvard. Wala simtaji ili kila kiziwi adaiwe muujiza. Namtaja kwa sababu ukisoma alivyopita utakuta wahudumu waliolipwa, kompyuta ya nukta nundu, chuo kilichokubali kubadili utaratibu. Muujiza ulikuwa na bajeti.

Basi kijana kiziwi achague vipi? Achague kozi kama mtu yeyote, kwa ufaulu wake na kwa kitu kinachomnyima usingizi. Akiutaka useremala, auchague. Meza nzuri ni kazi ya heshima. Chuo ndicho akichague kwa macho makali. Aulize, kwa maandishi, na adai jibu kwa maandishi: mna wakalimani wangapi, wameajiriwa au wanaitwa kwa simu siku ya mtihani tu? Kuna wanafunzi viziwi wengine, na wako mwaka gani? Nani huwaandikia noti? Maswali ya mdomo, semina na mafunzo kwa vitendo huyafanya vipi? Awatafute hao wanafunzi wenyewe awaulize, maana wanajua nani alipata sapu kwa kukosa akili na nani kwa kukosa mkalimani. Na kama wenzake wawili au watatu aliosoma nao wanaweza kwenda chuo kimoja naye, hata kwa kozi tofauti, waende pamoja. Kiziwi mmoja chuoni huombwa avumilie. Watatu husikilizwa.

Jambo la mwisho ni la vyuo. Kati ya siku mwombaji anapochaguliwa na siku mhadhara wa kwanza unapoanza kuna wiki kadhaa. Fomu za maombi zina sehemu ya kutaja ulemavu. Chuo kinachompokea kiziwi kinajua jina lake, kozi yake na hali yake kabla hajapanda basi. Kikija kusema wiki ya tatu ya muhula kwamba kilishtukizwa, karatasi yake chenyewe inakikanusha.

Nilimweleza mjomba hayo kwa kifupi, tukiwa tumesimama mlangoni, kwa kadiri foleni ilivyoruhusu. Hakukubali yote. Aliniuliza nani atamlipia mkalimani mpwa wake, nikamjibu nilivyoandika hapa, akasema, "Hayo ni ya kwenye makaratasi, ndugu yangu." Kisha akamwambia kijana wa kompyuta ageuze skrini upande wa binti. Binti alivuta kiti. Jina, namba ya mtihani, kozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, vyote alivichapa mwenyewe kwa vidole viwili, polepole. Alipofika kwenye swali la ulemavu alisimama kidogo, akamtazama mjomba wake, akaweka alama ya ndiyo, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika: nahitaji mkalimani wa lugha ya alama tangu siku ya kwanza.